Kivinjari kilichotoweka: uchambuzi wa kisa cha masasisho yaliyounganishwa kwa mpangilio usio sahihi katika chanzo cha usakinishaji

Tarehe 13 Aprili 2021 Microsoft ilitoa sasisho limbikizi (linalobeba pia marekebisho ya miezi iliyotangulia) KB5001330 kwa ajili ya Windows 10 toleo la 2004 na toleo la 20H2, ambayo yote mawili yanatumia kiini kimoja, na kuyafikisha kwenye namba za jengo, yaani namba zinazotambulisha hali kamili ya mfumo baada ya kila sasisho, 19041.928 na 19042.928. Pamoja na viraka vya usalama vya mwezi huo, sasisho hilo lilipewa kazi ya kukiondoa kivinjari cha Edge cha zamani, ambacho msaada wake ulikuwa umekoma tarehe 9 Machi, na kuweka mahali pake Edge mpya iliyojengwa juu ya Chromium, msingi wa wazi wa kutengenezea vivinjari. Kompyuta zilizopokea sasisho moja kwa moja kutoka Windows Update zilibadilishiwa kivinjari bila tatizo. Hali ilikuwa tofauti kwa baadhi ya kompyuta zilizosakinishwa kwa chanzo maalumu, yaani faili ya ISO (nakala nzima ya diski ya usakinishaji) au flashi ambayo mafundi wenyewe walikuwa wameiandaa na kuunganisha sasisho hilo ndani yake kabla ya usakinishaji. Humo Edge ya zamani iliondolewa, lakini mpya haikuwekwa, na mtumiaji aliyewasha kompyuta yake mara ya kwanza alibakiwa na Internet Explorer 11 peke yake.

Kompyuta iliyokosa kivinjari inaweza kuonekana kuwa tatizo dogo, kwa kuwa kivinjari kinasakinishwa kwa dakika chache. Ninachokiona kuwa kizito katika kisa hiki ni namna tatizo lilivyopita. Amri zote za kuunganisha masasisho zilimalizika salama, hakuna ujumbe wa hitilafu uliotokea, imeji (nakala ya mfumo endeshi iliyofungashwa ndani ya faili) ilihifadhiwa, usakinishaji ulikamilika, na namba ya jengo ilionyesha kwamba sasisho limo. Kila kipimo ambacho fundi amezoea kukitazama kilikubali, huku matokeo yakiwa na kasoro. Ili kuelewa jambo hilo liliwezekanaje, ni lazima kuangalia kwa karibu nini hasa hutendeka sasisho linapounganishwa katika imeji ambayo haijawashwa.

Sababu za kuandaa chanzo cha namna hii zinajulikana na ni za msingi. Faili ya ISO inayotolewa siku toleo linapozinduliwa inabeba mfumo endeshi kama ulivyokuwa siku ile. Mtu akiisakinisha miezi kumi baadaye, kompyuta inaanza maisha yake ikiwa na mianya yote ya usalama iliyokwisha kutangazwa hadharani katika miezi hiyo, kisha inatumia muda mrefu kupakua masasisho na kujiwasha upya. Pale ambapo kompyuta ni nyingi, au hazina intaneti kabisa, au mtandao unaozihudumia ni mwembamba, kuunganisha masasisho mara moja katika chanzo na kukitumia kwa kompyuta zote ndiyo njia yenye busara.

Ndani ya chanzo cha Windows, mfumo wenyewe umo katika faili ya install.wim iliyo katika folda ya sources. Faili hiyo inaweza kubeba imeji kadhaa, kila moja ikiwa na namba yake kulingana na aina ya toleo, kama vile ya nyumbani au ya kitaaluma, na sasisho lililounganishwa katika imeji namba 1 halimo katika imeji namba 6 mpaka liunganishwe huko pia. Katika folda hiyohiyo kuna boot.wim, ambayo ni mazingira madogo yanayowaka wakati wa usakinishaji, na ndani ya install.wim yenyewe, katika folda ya Windows\System32\Recovery, imefichwa imeji ya tatu iitwayo winre.wim, ambayo ni mazingira ya uokoaji. Chanzo kilichotengenezwa kwa zana ya Microsoft ya kupakulia huwa na install.esd badala ya install.wim, na faili ya aina hiyo imebanwa kwa namna isiyoruhusu kuhaririwa, hivyo ni lazima kwanza ihamishwe kuwa WIM.

Kazi yenyewe inafanywa kwa programu ya DISM, zana ya Windows ya kuhariri imeji. Imeji inapachikwa kwenye folda tupu, vifurushi vya masasisho vinaongezwa, kisha imeji inafungwa na mabadiliko kuhifadhiwa. Kwa ufupi kabisa amri ni hizi:

Dism /Mount-Image /ImageFile:C:\chanzo\sources\install.wim /Index:1 /MountDir:C:\pachiko
Dism /Image:C:\pachiko /Add-Package /PackagePath:C:\masasisho\kifurushi.cab
Dism /Unmount-Image /MountDir:C:\pachiko /Commit

Katika mistari hii mitatu ndimo swali lote la kisa chetu lilimo, ingawa halionekani. Amri ya pili inapotekelezwa, ni nani anayefungua kifurushi, anayepima kama kinafaa kwa imeji hiyo, anayepanga faili mpya mahali pake na kuziondoa za zamani? Mtu angedhani ni DISM ya kompyuta anayoitumia fundi. Sivyo. DISM ni mwenye kutoa amri, lakini mtambo unaofanya kazi ni ule uliomo ndani ya imeji yenyewe. Uthibitisho unapatikana katika faili ya kumbukumbu, C:\Windows\Logs\DISM\dism.log, ambamo kila imeji inapoguswa kwa ajili ya vifurushi huandikwa mstari unaosema kwamba mtambo wa kusasishia umepakiwa kwa matumizi ya imeji isiyowaka, ukitanguliwa au kufuatwa na mistari mingine ya kitengo hichohicho cha vifurushi. Mtambo huo una makazi yake katika folda ya WinSxS ya imeji, ndani ya folda ndogo ambayo jina lake linaanza na amd64_microsoft-windows-servicingstack na kubeba namba ya toleo la mtambo. Mwenye kutaka kujua imeji yake ina mtambo wa umri gani anaweza kuifungua WinSxS katika folda ya kupachikia na kuisoma namba hiyo kwa macho yake.

Mpangilio huu una mantiki. Mfumo endeshi una maelfu ya vijenzi vyenye uhusiano wao kwa wao, na mtambo uliojengwa pamoja na mfumo ndio unaoujua uhusiano huo. Gharama yake ni kwamba mtambo wa imeji ya mwaka jana hauwezi kujua maagizo mapya yaliyobuniwa mwaka huu. Kwa hiyo Microsoft hutoa masasisho ya mtambo wenyewe, ambayo mafundi huyataja kwa herufi SSU, na kwa miaka mingi yalikuwa yakitolewa kama vifurushi vinavyojitegemea, mbali na sasisho limbikizi la mwezi, linalotajwa kwa herufi LCU. Fundi aliyekwenda kupakua masasisho alikutana na faili mbili, na kuwapo kwa faili mbili kulimlazimisha kujiuliza ipi inatangulia. Jibu lilikuwa wazi: mtambo kwanza, mzigo baadaye.

Mwanzoni mwa 2021 utaratibu ulibadilika kwa toleo la 2004 na yaliyolifuata. SSU na LCU ziliwekwa katika faili moja ya MSU, aina ya faili ambayo masasisho ya Windows hupakuliwa nayo. Kwa anayesasisha kompyuta inayowaka, hii ilikuwa nafuu ya kweli, kwa sababu Windows Update inafungua kifurushi, inaweka mtambo mpya, kisha inaendelea na mengine bila mtu kuagiza. Naona mabadiliko haya yalikuwa sahihi kwa watu wengi waliokuwa wakilalamikia masasisho yanayokataa kuingia kwa kukosa SSU. Kwa anayeandaa chanzo, hata hivyo, yaliondoa ishara iliyokuwa ikimkumbusha mpangilio. Sasa alikuwa na faili moja, na faili moja haiulizi swali la ipi inatangulia.

Hapo ndipo kisa kilipozaliwa. Maelezo rasmi ya Microsoft yaliyoambatana na masasisho ya majira hayo yalieleza kwamba kasoro hutokea tu pale ambapo sasisho limeunganishwa katika chanzo maalumu au faili maalumu ya ISO bila kwanza kusakinisha SSU inayojitegemea ya tarehe 29 Machi 2021 au ya baadaye. Yalieleza pia kwamba kompyuta zinazounganishwa moja kwa moja na Windows Update, zikiwemo zinazotumia huduma hiyo kwa ajili ya biashara, haziguswi, kwa kuwa hizo hupokea daima SSU na LCU za karibuni bila hatua ya ziada. Ukiyasoma maelezo hayo mawili pamoja, chanzo cha tatizo kinajitokeza: kifurushi kilikuwa kilekile, imeji ilikuwa ileile, na kilichotofautiana ni umri wa mtambo uliokifungua. Mtambo wa zamani ulitekeleza agizo la kuondoa kivinjari cha kale, lakini upande wa pili wa agizo, wa kuweka kipya, haukukamilika mikononi mwake.

Yafaa hapa kuulinganisha ukimya huo na hitilafu nyingine ambayo mafundi wengi wanaijua, yenye namba 0x800f0823. Hiyo hutokea pale kifurushi kinapotambua kwamba mtambo wa imeji ni wa zamani mno na kukataa kuingia. Fundi anaiona, anaitafuta maana yake, anaweka SSU, anarudia amri, na mambo yanakwisha. Hitilafu ya namna hiyo inaudhi, lakini ni ya heshima, kwa sababu inamsimamisha mtu kabla hajafika mbali. Katika kisa cha kivinjari, kifurushi hakikukataa. Kiliingia, na DISM ikatoa taarifa kwamba shughuli imekamilika kwa mafanikio, nayo haikusema uongo: taarifa ile inahusu hali ya kifurushi katika orodha ya imeji, kwamba kimepokelewa na kuandikishwa. Haihusu kama kila kitu kilichokusudiwa na kifurushi hicho kitakuwapo mbele ya mtumiaji siku ya kwanza. Mafundi wengi, nami naliona kwa uchungu kila ninaposoma maelezo ya watu waliokwama, huuchukua ujumbe huo kama hati ya kukabidhi kazi.

Kuna sababu ya pili inayofanya ujumbe huo usitoshe. Imeji isiyowaka haiwezi kukamilisha kila jambo. Baadhi ya shughuli zinahitaji mfumo ulio hai, na hizo huwekwa kiporo mpaka kompyuta iwake mara ya kwanza. Ukiendesha amri ya Dism /Image:C:\pachiko /Get-Packages baada ya kuongeza kifurushi, utakiona chenye jina linaloanza na Package_for_RollupFix, na mara nyingi hali yake itakuwa ni ya kusubiri usakinishaji, si ya kusakinishwa. Kwa maneno mengine, chanzo kilichoandaliwa ni ahadi ambayo sehemu yake inatekelezwa kwenye kila kompyuta itakayowashwa. Anayeikagua imeji peke yake amekagua nusu ya kazi.

Njia ya kurekebisha iliyotolewa ilikuwa ya kuitafuta SSU iliyofichwa ndani ya faili ya MSU na kuiunganisha peke yake kabla ya LCU. Microsoft iliieleza kwa kutumia sasisho la tarehe 29 Machi 2021, KB5000842. Kwanza faili ya CAB, yaani kifurushi kilichobanwa, inatolewa ndani ya MSU:

expand Windows10.0-KB5000842-x64.msu /f:Windows10.0-KB5000842-x64.cab C:\masasisho

Kisha CAB hiyo nayo inafunguliwa:

expand C:\masasisho\Windows10.0-KB5000842-x64.cab /f:* C:\masasisho

Miongoni mwa faili zinazotokea ni SSU-19041.903-x64.cab, ambapo 19041.903 ni namba ya toleo la mtambo. Faili hiyo ndiyo inayopewa amri ya /Add-Package mara ya kwanza, na LCU inafuata katika amri ya pili. Ni muhimu ziwe amri mbili zinazofuatana, na baada ya ile ya kwanza ni vyema kuitazama tena orodha ya vifurushi ili kuhakikisha kwamba Package_for_ServicingStack yenye namba mpya imo. Ukitazama pia WinSxS ya imeji utakuta folda mpya ya mtambo imeongezeka kando ya ile ya zamani.

Kwa kompyuta ambazo zilikwisha kusakinishwa kwa chanzo chenye kasoro, haikuwa lazima kurudia usakinishaji. Ilitosha kuiweka Edge mpya moja kwa moja, na kwa wenye kompyuta nyingi kulikuwa na kifurushi cha usakinishaji cha aina ya MSI kinachoweza kusambazwa kwa pamoja. Sehemu hii ya kisa haina mengi ya kujadili.

Mpangilio wa kazi nzima ndio wenye mengi, kwa sababu suala la mtambo ni mfano mmoja tu wa sheria pana zaidi inayotawala uunganishaji wa masasisho: kila hatua inaandika juu ya yale iliyoyakuta, na haijui yatakayokuja. Chukua mfano wa lugha. Kifurushi cha lugha ya ziada, au sehemu za mfumo zinazoongezwa kwa hiari, vimetengenezwa vikiwa na faili za siku ya uzinduzi wa toleo. Vikiunganishwa kabla ya LCU, LCU inavikuta na kuvisasisha pamoja na vingine. Vikiunganishwa baada ya LCU, vinaingia na faili zao za zamani, na imeji inabaki na namba ya jengo inayodai kwamba imesasishwa huku sehemu yake moja ikiwa haijaguswa na viraka vyovyote. Tiba ni kuiunganisha LCU tena, kazi ambayo ingeepukwa kwa kupanga vizuri tangu mwanzo. Kwa hiyo mfuatano unaopendekezwa kwa imeji kuu ni SSU, kisha lugha na sehemu za hiari, kisha LCU, na baada yake sasisho limbikizi la .NET, jukwaa linalotegemewa na programu nyingi za Windows.

Usafishaji nao una mahali pake. Amri ya /Cleanup-Image /StartComponentCleanup /ResetBase inaondoa faili za zamani zilizokwisha kupitwa na mpya, na inapunguza ukubwa wa imeji kwa kiasi cha kuonekana. Ikiendeshwa wakati imeji ina shughuli zilizowekwa kiporo, kwa mfano baada ya kuwashwa kwa .NET 3.5, inakataa kwa hitilafu namba 0x800f0806. Wapo wanaoiona hitilafu hii na kuhitimisha kwamba imeji imeharibika, wakaanza upya. Imeji haijaharibika. Inasema tu kwamba kuna jambo linalosubiri kuwashwa kwa mfumo, na kwamba usafishaji ulipaswa kufanyika kabla ya jambo hilo kuongezwa. Ifahamike pia kwamba /ResetBase inaondoa uwezekano wa kuyatoa masasisho yaliyokwisha kuunganishwa, hivyo mwenye kuiendesha awe amekwisha kuridhika nayo.

Kuhusu winre.wim na boot.wim, uzoefu unaoonekana kwa wengi ni kuziacha kama zilivyo, na hilo ni pengo. Mazingira ya uokoaji yana mtambo wake wa kusasishia na mianya yake ya usalama, na yana aina yake maalumu ya masasisho yaliyotengenezwa kwa ajili ya mazingira hayo. Boot.wim nayo huhitaji SSU na LCU, kwa sababu ndiyo inayoendesha usakinishaji, na programu ya usakinishaji iliyomo ndani yake inapaswa kulingana na setup.exe iliyo katika folda ya sources. Imeji kuu iliyosasishwa ikisakinishwa na mazingira ya zamani, unarudi palepale tulipoanzia: chombo cha zamani kinapewa mzigo mpya.

Baada ya kazi yote, install.wim huwa imevimba, kwa kuwa kufunga imeji na kuhifadhi mabadiliko hakuondoi nafasi iliyoachwa na faili zilizofutwa. Kuihamisha kila imeji kwa /Export-Image kwenda katika faili mpya kunaibana upya. Ikizidi GB 4 haitakaa kwenye flashi yenye mpangilio wa FAT32, ambao ndio unaotegemewa na kompyuta nyingi kuwasha flashi kwa njia ya UEFI (programu ya msingi inayoiwasha kompyuta), na hapo itabidi igawanywe kwa /Split-Image kuwa faili za SWM, ambazo programu ya usakinishaji inazitambua bila maelekezo ya ziada.

Je, kasoro ya kivinjari ingegunduliwaje kabla ya kuwafikia watumiaji? Si kwa kusoma ujumbe wa DISM, na si kwa kutazama namba ya jengo, kwani vyote viwili vilikuwa sawa. Ingegunduliwa kwa kukisakinisha chanzo kwenye mashine pepe (kompyuta ya kuigiza inayoendeshwa ndani ya kompyuta halisi) mpaka mwisho, kuingia kwa akaunti ya kawaida, na kutazama. Mashine hiyo isiwe na intaneti, ili kitakachoonekana kiwe ni kile tu kilichobebwa na chanzo, bila kuchanganyika na vitu vilivyopakuliwa njiani. Kwa kisa hiki lingetosha swali moja: je, faili ya C:\Program Files (x86)\Microsoft\Edge\Application\msedge.exe ipo? Kwa jumla, ninaona inafaa kila sasisho linapounganishwa, fundi asome katika maelezo yake ni kitu gani linaondoa na ni kitu gani linaleta, si viraka vya usalama tu, kisha aviandike vitu hivyo katika orodha ya ukaguzi wa mashine pepe. Masasisho mengi hayaondoi chochote kinachoonekana. Yanayoondoa ndiyo yenye hatari, na sasisho la Aprili 2021 lilikuwa limetangazwa mapema kwamba litaondoa kivinjari kizima. Taarifa hiyo peke yake ilitosha kumfanya mtu akitafute kivinjari kipya kwa macho.

Ieleweke kwamba sharti la mtambo halikuishia hapo. Miezi michache baadaye maelezo ya masasisho yaliwataka wenye kompyuta zisizo na sasisho la tarehe 11 Mei 2021, KB5003173, au la baadaye, kuweka kwanza SSU maalumu ya tarehe 10 Agosti 2021, KB5005260. Kisha, kwa imeji zisizowaka hasa, likaja sharti jingine: imeji isiyo na sasisho la tarehe 22 Machi 2022, KB5011543, au la baadaye, iwekewe kwanza SSU maalumu ya tarehe 10 Mei 2022, KB5014032. Anayeanza leo na faili ya ISO ya zamani ya Windows 10, na bado wapo wenye sababu za kufanya hivyo ingawa msaada wa kawaida wa mfumo huo ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, hawezi kuchukua sasisho la mwisho na kuliunganisha moja kwa moja. Lazima apande ngazi hizo. Jambo la kutia moyo ni kwamba masharti haya yaliandikwa wazi katika ukurasa wa kila sasisho, chini ya sehemu inayoeleza namna ya kulipata, sehemu ambayo kwa bahati mbaya wengi huiruka wakikimbilia kiungo cha kupakua.

Windows 11 nayo ilipata kisa chake, na kwa maoni yangu kilikuwa kibaya kuliko cha kivinjari. Mwezi Desemba 2024 Microsoft ilitangaza kwamba kompyuta zilizosakinishiwa toleo la 24H2 kwa flashi au diski iliyoandaliwa ikiwa na masasisho ya usalama yaliyotolewa kati ya tarehe 8 Oktoba na 12 Novemba 2024 zinaweza kubaki katika hali ya kutopokea tena masasisho ya usalama. Suluhisho lilikuwa kuandaa chanzo kwa kutumia masasisho ya tarehe 10 Desemba 2024 au ya baadaye. Hapa hakukuwa na kitu kilichokosekana mbele ya mtumiaji. Kompyuta iliwaka, programu zilifanya kazi, na kasoro ilingoja mwezi uliofuata ndipo ijitokeze. Kwa hiyo ukaguzi wa mashine pepe nao uwe na hatua ya pili: baada ya kuona kwamba kila kitu kipo, iunganishe mashine na mtandao na uiache ipokee sasisho linalofuata. Chanzo ambacho kompyuta zake haziwezi kusasishwa tena hakifai kusambazwa, hata kikiwa kimekamilika namna gani.

Toleo hilohilo la 24H2 lilikuja pia na masasisho ya vituo, ambapo sasisho la tarehe 10 Septemba 2024, KB5043080, likawa msingi wa yaliyofuata. Anayeunganisha sasisho la mwezi wa baadaye anaweka faili zote mbili za MSU katika folda moja isiyo na MSU nyingine, anaielekeza DISM kwenye ile ya karibuni, nayo DISM inaitafuta ya msingi yenyewe. Swali la ipi inatangulia limehamia kwenye zana, na ninaliunga mkono hilo kwa dhati, mradi fundi aendelee kujua kwamba swali lipo.

Linabaki suala la vyanzo vilivyokwisha kuandaliwa vibaya na bado vimehifadhiwa. Kishawishi ni kuvipachika tena, kuongeza SSU iliyokosekana, kuongeza LCU mpya juu yake, na kuendelea. Siipendekezi njia hiyo. SSU inayoletwa baadaye inaubadilisha mtambo kwa kazi zitakazofuata. Hairudi nyuma kuzikagua kazi zilizofanywa na mtambo wa zamani, na ikiwa /ResetBase ilikwisha kuendeshwa, hata kuitoa LCU ya kwanza haiwezekani. Njia salama ni kuichukua faili ya asili ya ISO ambayo haijaguswa, kuithibitisha kwa alama yake ya SHA-256 (alama inayobadilika faili ikiguswa hata kidogo), na kuanza mpangilio wote kuanzia SSU. Kwa sababu hiyo faili ya asili ihifadhiwe daima mahali pasipoandikika, amri zote ziandikwe katika hati ya PowerShell inayoweza kuendeshwa tena bila mtu kukaa mbele yake, na chanzo cha kila mwezi kizaliwe upya kutoka kwenye faili hiyo ya asili, si kutoka kwenye chanzo cha mwezi uliopita.